Mgonjwa wa Akili si Mhalifu: Somo kwa Wananchi na Maafisa

Mara nyingi simu inayolia kituoni haihusu wizi wala ugomvi wa mipaka ya mashamba. Mpigaji husema tu, "Afande, kuna kichaa hapa sokoni, njooni mmwondoe." Hamtaji mtu huyo kwa jina, ingawa pengine anamfahamu tangu utotoni, wala hasemi kwamba ni mgonjwa. Anachotaka ni aondolewe, kama liondolewavyo gogo lililoangukia barabara. Kwa sababu hiyo tumeamua kulitumia somo la toleo hili kuufafanua ugonjwa wa akili pamoja na aibu inayoambatanishwa nao, kwa faida ya wananchi wanaopiga simu za namna hiyo na ya maafisa wanaoziitikia.

Jina analopewa mgonjwa

Tuanze na maneno, kwa kuwa unyanyapaa huanzia mdomoni kabla haujafika mkononi. Katika Kiswahili cha kambini na cha barabarani mtu huyu huitwa kichaa au mwendawazimu. Waganda humwita mulalu, na Waacholi lapoya. Mgonjwa wa malaria akipona, jina la malaria humwacha. Mgonjwa wa akili hubaki na jina lake hata akiwa amekaa miaka kumi bila dalili yoyote. Jina hilo likishatajwa, hakuna tena akumbukaye kwamba yeye ni fundi seremala, au mama wa watoto wanne, au mwalimu mstaafu aliyewafundisha kusoma hao hao wanaomcheka.

Sheria zetu nazo zilikuwa na lugha ya aina hiyo. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ya Uganda, katika shauri lililofunguliwa na CEHURD, asasi inayotetea haki za afya, iliyakataa maneno ya Kiingereza yaliyokuwa katika Sheria ya Adhabu, ambayo kwa Kiswahili tungeyatafsiri kuwa "zuzu" na "punguani". Mahakama iliona kwamba maneno hayo yanavunja heshima ya binadamu. Ikiwa mahakama ya nchi imeyaondoa katika vitabu vyake, sisi nasi hatuna sababu ya kuyaandika katika daftari la matukio la kituo. Afisa anaweza kuandika kwa usahihi kabisa: "mwanamume wa makamo, anaongea peke yake, hana jeraha, hajala." Maelezo hayo yatamsaidia daktari kuliko neno "kichaa".

Ugonjwa wenyewe

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 970 duniani, yaani takriban mtu 1 kati ya kila 8, walikuwa wakiishi na ugonjwa wa akili wa aina fulani. Wengi wao hawaonekani sokoni wakiwa uchi. Wako mashambani, ofisini na darasani. Wana huzuni isiyokwisha au hofu isiyo na sababu, hawalali, hawana hamu ya chakula, na kazi iliyowapendeza jana leo imekuwa mlima. Uganda yenyewe ina ushahidi mzuri wa jambo hili. Watafiti walipokwenda katika vijiji vya Masaka na Rakai kuwauliza watu kuhusu matatizo yaliyowasibu baada ya janga la UKIMWI, wanavijiji walikuwa tayari na majina yao wenyewe kwa huzuni ya namna hii: okwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubagiza, yaani kujisikitikia. Kwa hiyo wanaosema kwamba sonona ni ugonjwa wa Wazungu wanapaswa kwanza kuwauliza bibi zao.

Katika utafiti huo, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2003, vijiji 30 vilishirikishwa. Katika baadhi ya vijiji hivyo watu wenye huzuni hiyo walikutanishwa katika vikundi mara moja kwa wiki kwa muda wa wiki 16. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, walikuwa wenyeji waliopewa mafunzo mafupi. Mwishoni, waliokuwa bado na ugonjwa katika vikundi hivyo walikuwa chini ya asilimia 10, ilhali katika vijiji visivyopata vikundi walizidi nusu. Hapakuwa na dawa yoyote, bali watu kuketi pamoja na kusemezana kwa utaratibu. Tungependa wenyeviti wa vijiji wausome mfano huu mara mbili.

Skizofrenia ni jambo jingine. Huu ndio ugonjwa ambao mtu husikia sauti zisizosikiwa na wengine, au huamini kwa yakini kwamba jirani anataka kumtilia sumu. Humpata takriban mtu 1 kati ya watu 300, na mara nyingi huanza katika ujana, wakati ambapo wazazi wanamtegemea kijana amalize masomo. Uko pia ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka: kwa wiki kadhaa mtu halali, anatumia fedha ovyo na kujiona mfalme, kisha anazama katika giza la huzuni. Wapo pia akina mama wanaopatwa na machafuko ya akili katika siku na wiki za kwanza baada ya kujifungua. Huyu wa mwisho akiletwa kituoni kwa kosa la kumtelekeza mtoto, tunawaomba maafisa wa dawati la familia na watoto wamfikishe kwa mkunga au daktari kabla ya kumwandikia maelezo, maana saa chache zinaweza kuokoa maisha ya watu wawili.

Sababu za magonjwa haya hazifanani. Mengine huenda na ukoo, mengine hutokana na ubongo kuumia wakati wa kuzaliwa au katika ajali, mengine huchochewa na bangi na pombe, na mengine huzaliwa na msiba. Vita vya kaskazini vilivyodumu takriban miaka 20 viliwaachia wengi kiwewe ambacho hakikuisha siku bunduki ziliponyamaza. Uvivu, laana na malezi mabaya hayamo katika sababu hizo.

Yanayofanana na wazimu

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo uhai hupotea mikononi mwa watu wema. Si kila anayesema maneno yasiyoeleweka ni mgonjwa wa akili. Malaria inapopanda kichwani humfanya mtu apige kelele, apigane, asimtambue hata mkewe, na asipotibiwa upesi hufa. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imeshuka hutokwa jasho, huyumba na hujibu kwa ukali. Wapita njia husema amelewa. Mtu aliyepigwa kichwani katika ajali ya bodaboda anaweza kuzungumza vizuri kwa saa nzima, kisha akaanza kupayuka. Homa ya ubongo nayo huja vivyo hivyo. Kwa hiyo mtu ambaye jana alikuwa mzima na leo amebadilika ghafla, hasa akiwa na joto mwilini, ni wa kupelekwa kituo cha afya usiku huo huo, asingojeshwe mapambazuko.

Hatari nyingine hutokea ndani ya mahabusu. Mtu aliyezoea kunywa waragi kila siku kwa miaka mingi akifungiwa, mwili wake hukosa kile ulichokizoea. Siku ya pili au ya tatu huanza kutetemeka, kutokwa jasho, kuona wadudu ukutani na kuzungumza na watu wasiokuwapo. Mahabusu wenzake humcheka, na mlinzi huweza kudhani anajifanya ili aachiliwe. Hali hii huua. Afisa wa zamu akiona dalili hizo amwite mganga au ampeleke hospitali mara moja, hata kama mtuhumiwa ni sugu wa namna gani.

Kisha kuna wale wanaotumia dawa za hospitali kwa uaminifu. Baadhi ya dawa hizo hukakamaza shingo, hutetemesha mikono na kutoa mate mdomoni, na mwendo wa mgonjwa huwa wa pole na wa miguu mizito. Akisimamishwa barabarani huonekana kama mlevi au mvuta bangi. Amchunguze vizuri mwenye kumsimamisha: huenda kadi ya kliniki imo mfukoni mwa shati.

Imani na minyororo

Hatuandiki haya ili kuzidharau imani za wazee. Waacholi husema juu ya cen, roho ya marehemu aliyeuawa inayomwandama mtu, na taratibu zao za kusafisha na kupatanisha zimewarudisha nyumbani vijana wengi waliotoka msituni. Familia inayokwenda kwa mganga wa jadi au kwa mchungaji aombewe haijavunja sheria, na inaweza kwenda huko na hospitalini kwa wakati mmoja. Tunachokikataa ni kumfunga mtu minyororo kwenye mti, kumnyima chakula ili pepo atoke, au kumchapa. Human Rights Watch katika ripoti yake ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba watu wenye magonjwa ya akili hufungwa kwa minyororo au kufungiwa vyumbani katika nchi zipatazo 60, kwa hiyo jambo hili si aibu ya kabila moja wala ya bara moja. Mara nyingi wanaofunga ni wazazi wenyewe, wanaompenda mtoto wao na waliochoka. Baba wa namna hiyo hatumjii na pingu kwanza. Tunamwuliza ni lini mtoto alionwa na daktari mara ya mwisho, na tunamsaidia kufika huko, naye mwenyewe huufungua mnyororo.

Kifafa kinastahili maneno ya peke yake. Kwa hakika ni ugonjwa wa ubongo wala si wa akili, lakini hutibiwa katika kliniki zile zile na hudharauliwa kwa namna ile ile. Wako wanaoamini kwamba ensimbu huambukizwa kwa mate au kwa pumzi ya aliyeanguka, basi mtoto akianguka jikoni watu hurudi nyuma, naye huungua mkono au uso mbele ya macho ya watu kumi. Kifafa hakiambukizi. Mwondoe mgonjwa penye moto au maji, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na ukae naye mpaka azinduke. Mshtuko ukipita dakika tano, mpeleke hospitali.

Kuna pia wazee ambao kumbukumbu zao zimepotea. Usiku huamka, huvua nguo, hufungua mlango na kwenda kutafuta nyumba waliyoishi miaka 50 iliyopita. Akikutwa uani kwa jirani saa nane za usiku, bibi wa namna hii huweza kudhaniwa kuwa musezi, mcheza usiku, na mawe yakaanza kurushwa. Tunawasihi wananchi: piganeni na giza kwa tochi kabla ya mawe. Mulikeni uso. Mtu huyo ana mwana au mjukuu anayemtafuta.

Kutoka gerezani hadi Butabika

Historia ya tiba hii nchini ina somo ndani yake. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilipoamua kuwatenga wagonjwa wa akili, mahali palipochaguliwa palikuwa ndani ya gereza la Hoima. Katika miaka ya 1930 walihamishiwa Mulago, na mwaka 1955 ikafunguliwa hospitali ya Butabika, kando ya ziwa, mashariki ya Kampala. Kwa maneno mengine, mgonjwa wa akili katika nchi yetu alikuwa mfungwa kabla hajawa mgonjwa, na pengine ndiyo maana mpaka leo simu ya kwanza hupigwa polisi. Lakini hali imebadilika. Hospitali za rufaa za mikoa, kama vile Gulu, Arua, Mbale na Mbarara, zina vitengo vya afya ya akili, na wako maafisa tabibu na wauguzi waliosomea kazi hiyo. Familia ya Arua haina haja ya kuuza mbuzi ili kupata nauli ya Kampala kabla haijabisha hodi karibu.

Sheria inasemaje

Katiba, katika ibara ya 23, inaruhusu mtu anayeshukiwa kwa sababu za msingi kuwa na ugonjwa wa akili anyimwe uhuru wake, lakini kwa lengo la kumtunza au kumtibu, au kuilinda jamii. Anayemfungia mgonjwa seli kwa sababu tu anachafua sura ya mji wakati wa ugeni hana hifadhi katika ibara hiyo. Ibara ya 24 inakataza mateso na adhabu za kudhalilisha kwa kila mtu, bila kuuliza hali ya akili yake. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 imechukua nafasi ya ile ya enzi za ukoloni, na imeweka wazi kwamba mgonjwa anaweza kujipeleka mwenyewe kutibiwa na kwamba ana haki zake akiwa wodini. Zaidi ya hayo, mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ilivifuta vifungu vya uzururaji ambavyo kwa miaka mingi vilitumika kuwakamata watu waliokaa tu barabarani bila kazi ya kuonekana.

Namna ya kumkaribia

Wagonjwa wengi wa akili hawana ukatili wowote, na mara nyingi zaidi wao ndio hupigwa, huibiwa na hubakwa. Hata hivyo mtu mwenye hofu kuu anaweza kushika panga, na afisa hawezi kujifanya haoni. Tunashauri hivi. Kwanza ondoa umati, kwa sababu kicheko na simu zinazopiga picha ndizo zinazomwasha. Zima king'ora. Azungumze afisa mmoja tu, polepole, kwa lugha anayoielewa mgonjwa, na amwite kwa heshima: ssebo, nyabo, mzee, mama. Simama mbali kidogo, mikono ionekane, na umwachie njia ya kupita. Akisema anasikia sauti, usimbishie na usimwambie nawe unazisikia. Mwambie, "Mimi sizisikii, lakini naona zinakusumbua." Mpe maji. Nusu saa ya subira ni ndogo kuliko miezi ya uchunguzi wa kifo. Pingu ziwe jambo la mwisho, na zikifungwa, zifunguliwe mara anapofika kwa mganga.

Mwananchi anayepiga 999 anaweza kutusaidia sana akieleza ni nani, amekula lini, ana silaha au hana, ni dawa gani huzitumia na nani katika familia humsikiliza. Mara nyingi huyo dada au mjomba anayesikilizwa hufanya kazi ambayo maafisa sita hawaiwezi.

Juu ya kujiua, na juu yetu wenyewe

Zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani. Katika Sheria yetu ya Adhabu kujaribu kujiua bado ni kosa, ilhali kwa majirani zetu Kenya, Mahakama Kuu ilitamka mnamo Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na katiba yao. Mjadala wa sheria una mahali pake bungeni. Kwa upande wa polisi, aliyeokolewa anaanzia hospitali, kisha mengine yafuate. Na kwa mwananchi: kumwuliza mtu waziwazi kama anafikiria kufa hakumtii wazo hilo kichwani. Huwa ni mara ya kwanza mtu kumpa nafasi ya kusema. Dawa za kuulia wadudu wa shambani zifungiwe, na ufunguo ashike mwingine.

Maafisa wenzetu nao wamo katika somo hili. Anayeokota maiti za ajali barabarani, anayefika wa kwanza nyumba ilipoungua na watoto ndani, na kesho yake akasimama lindo kama kawaida, ana mwili na akili kama mtu mwingine. Dalili zake twazijua kambini: hasira za ghafla nyumbani, chupa kila jioni, usingizi wa saa mbili, kukaa peke yake na silaha. Wengi hunyamaza kwa kuogopa kupokonywa bunduki, kisha cheo, kisha heshima. Tunawaambia makamanda kwamba afisa anayesema "siko sawa" ametimiza wajibu wake wa usalama, sawa na dereva anayeripoti breki mbovu. Silaha irudishwe ghalani kwa muda, bila kelele wala utani wa parade, naye aonane na madaktari na washauri wa jeshi. Akirudi kazini, apewe kazi yenye maana.

Siku ya kurudi nyumbani

Jambo ambalo hospitali haiwezi kulifanya ni kumpokea mgonjwa kijijini. Katika mazungumzo ya kila siku "nenda Butabika" limekuwa tusi, na aliyetoka huko huangaliwa kila anapocheka. Akikasirika kwa haki, watu husema ugonjwa umerudi. Shamba lake pengine limelimwa na ndugu, mke amehimizwa kuondoka, na mwajiri ameajiri mwingine. Haya ya shamba ni mambo ya sheria, na mwenye malalamiko alete kituoni kama mtu mwingine yeyote. Ugonjwa haufuti haki ya urithi wala ushahidi wake hautupwi kabla haujasikilizwa.

Mwenyekiti wa LC1 na timu ya afya ya kijiji wanaweza kufanya mengi kwa gharama ndogo. Wajue tarehe ya dawa. Wagonjwa wengi hurudiwa kwa sababu waliacha vidonge walipojiona wamepona, au kwa sababu nauli ya kliniki ilikosekana mwezi mmoja. Wengine huchomwa sindano mara moja kwa mwezi, na siku hiyo ikikosekana, familia isingoje mpaka sauti zirudi. Aalikwe katika mikutano, achangie msibani, apewe zamu ya kuchota maji ya harusi kama vijana wenzake. Na anayehitaji kusindikizwa kliniki asione haya kumwomba afisa uhusiano wa polisi na jamii wa wilaya yake. Gari likiwapo, tutampeleka, naye ataketi kiti cha mbele.